Rangi ya Kiwandani Haina Spea

Wazee wangu shikamooni, vijana mambo. Tusogee hapa kivulini maana boneti hii ikishapigwa jua haishikiki, na mimi nataka muiguse kabla sijawaonyesha hii plastiki angavu ninayobandika juu ya rangi ya gari kuilinda.

Haya, shika hapa. Rangi yote hiyo, kuanzia praima ya chini mpaka kilia, ile rangi angavu ya juu kabisa inayong'aa, mara nyingi ni maikroni 100 hadi 150, yaani kama karatasi moja ya daftari au zaidi kidogo, na kilia peke yake ni kama 40 au 50 tu. Kila ukipiga polishi ya mashine unaila hiyo kilia na haioti tena. Kiwandani rangi inaokwa kwenye nyuzi 140 hivi bodi ikiwa tupu, haina nyaya haina viti, sasa huku gereji gari imeshafungwa kila kitu ukiipeleka joto hilo unayeyusha plastiki zote, wenye oveni wanaishia 60 hivi na wengi wetu tunapuliza chini ya mwembe vumbi linapita. Ndo maana naumia nikiona mtu anaichezea.

Na barabara zetu mnazijua. Unatoka Shinyanga kuja hapa Mwanza, unakaribia Usagara uko nyuma ya fuso la kokoto, kajiwe kama punje ya mahindi kanagonga ncha ya boneti, ta! Unaona kidoti cheupe unapuuza, mvua zikianza kidoti kinakuwa chekundu, kutu hiyo. Ukipaki Mwaloni Kirumba, pale soko la samaki, nako korongo wako juu yako, kinyesi chao kikikaukia juani kinakula kilia mpaka alama inabaki, na wale wadudu wa ziwani nao wakigandia mbele ya bampa usiwaache walale.

Sasa hii plastiki angavu. Asili yake ni jeshi la Marekani, enzi za vita ya Vietnam walikuwa wanavisha mapanga ya helikopta yasiliwe na mchanga. Nzuri ni ya poliyurethani, unene maikroni 150 mpaka 200, kwa hyo ni nene kuliko rangi yenyewe, jiwe linakutana nayo kwanza. Na angalia hapa, nakwaruza kidogo kwa brashi ya waya... mnaona mistari? Namwagia maji ya moto. Haya, iko wapi? Ile ya bei chee ya PVC haifanyi hivi, na kwa jua letu inakuwa ya njano halafu inapasuka.

Ila kabla hujabandika pima unene wa rangi kwa kile kimashine chake, ujue kama imewahi kurudiwa. Kuna gari niliiletewa nitoe plastiki ya zamani, mwenyewe anaapa bampa haijawahi kuguswa, nikapasha kwa hita, nikavuta taratibu, ikatoka na rangi na puti yake kipande kama kiganja. Ilikuwa imepulizwa juu ya vumbi. Yule mzee alinyamaza tu, na mimi sikulala vizuri.

Kama hela haitoshi gari nzima, visha mbele: bampa, boneti, vioo vya pembeni, na ule ukingo wa chini ya milango. Ukishabandikiwa kaa siku mbili bila kuosha, na ukienda kwa vijana wa presha waambie bomba likae mbali na kingo. Ukiona vimalengelenge vya maji usivitoboe na sindano, viache, jua la Mwanza litavikausha.