Mandolini Haitobolewi

Kamwene kwa mliotoka Iringa na Njombe. Mugonile, ndugu zangu wa Rungwe. Shikamooni wazee wangu pale mbele.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuchagua pikapu ya mandolini, ile ala ndogo ya nyuzi nane, na kuifunga. Pikapu ya sauti, jamani, kifaa kinachopokea mtikiso wa chombo na kuupeleka kwenye spika, si ile inayoteremsha viazi kutoka Isyonje. Wanaonifahamu wanajua nitaanzia wapi, maana nimelisema Iringa, nimelisema Tukuyu, na leo hapa Mbeya nalisema tena: mandolini haitobolewi. Ukisinzia kwenye mengine yote, hilo ondoka nalo.

Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alinijia na mandolini ya marehemu baba yake, ameifunga kwenye kitenge. Chombo kizuri, kifua kimechongwa, kina yale matundu mawili ya umbo la herufi f. Nikakigeuza upande wa mkiani, pale kishikio cha nyuzi kinaposhikilia. Nikaona gunzi. Gunzi la mahindi, limechongwa kwa kisu likawa mviringo, limeshindiliwa kwenye ubao. Nikalichomoa taratibu. Tundu la milimita 12, kingo zimechanika, na kutoka hapo ufa umepanda kufuata mishipa ya mbao, urefu wa kidole changu hiki cha kati.

Alikuwa ameipeleka kwa fundi mmoja afungiwe pikapu ya kudumu. Fundi huyo alizoea magitaa. Gitaa lina tundu kubwa kifuani. Mkono unaingia, unaishika jeki, yaani tundu la kuchomekea waya, kwa ndani, unakaza nati. Kwenye mandolini ya matundu ya f, mkono utaupitishia wapi? Basi akatoboa kwa drili, jeki akaivuta kwa uzi kutokea ndani, kisahani cha pikapu akakigandisha kwa supagluu. Ikalia, mzee akafurahi. Haukupita muda nati ikalegea. Kila akichomeka waya, jeki inazunguka. Imezunguka, imezunguka, mpaka waya wa ndani ukakatika. Sasa nani ataingia humo kuulehemu? Mzee akaing'oa jeki, akaziba tundu kwa gunzi ili vumbi lisiingie.

Nikamuuliza, mwalimu, pikapu ilidumu kiasi gani? Akaniambia, "Pasaka mbili." Chombo kilichomzika mwenye nacho wa kwanza kimepasuliwa kwa ajili ya Pasaka mbili! Hapo ndipo ninapokasirika, na sioni haya kukasirika mbele yenu.

Mtasema: si angetumia ya kubandika na kubandua? Alitumia! Ndiyo maana nimewaeleza kwa urefu. Aliibandika kwanza, akachomeka moja kwa moja kwenye mixa ya kanisani, ikalia kama kopo. Watu wakamwambia za kubandika hazifai, katoboe. Chombo kikatobolewa kwa kosa ambalo si la pikapu.

Kosa lilikuwa pale alipochomeka. Pikapu nyingi za kubandika ni piezo: kisahani chembamba cha shaba ya njano chenye fuwele juu yake. Fuwele ikitikiswa na mbao inazalisha umeme kidogo. Jambo hilo ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, walilionyesha kule Ufaransa mwaka 1880. Umeme huo ni kidogo mno. Chukueni mfano wa kikombe cha maji kilichotoboka. Ukikijaza na kukimwaga harakaharaka, huoni kilichovuja. Ukienda polepole, maji yanaisha njiani. Sauti nyembamba inatikisika haraka, inawahi. Sauti nene inatikisika polepole, na kabla haijafika umeme umeshavuja. Tundu la kikombe ni mlango wa mixa wenye ukinzani mdogo, yaani unaoachia umeme uvuje kirahisi. Kisahani cha milimita 27, chenye uwezo wa kuhifadhi umeme wa takriban nanofaradi 20, ukikichomeka kwenye mlango wenye ukinzani wa kiloomu 10, kila kilicho chini ya hezi 800 hivi, yaani mitikisiko 800 kwa sekunde, kinaanza kupotea. Uzi wa chini wa mandolini, G, ni hezi 196. Umekwenda! Kinachobaki ni mkwaruzo wa kipigio. Kisahani hichohicho kwenye mlango wa megaomu 1, ukinzani mara mia zaidi, huo mpaka wa sauti kupotea unashuka hadi hezi 8, na G yako unaisikia nzima.

Kwa hiyo kabla hujatafuta pikapu ya bei, tafuta priampu, kiboksi cha kuupa nguvu umeme wa pikapu kabla haujafika kwenye mixa, ndogo ya betri ya volti 9, yenye mlango wa megaomu 1 au zaidi. Kama huna, pitia kwenye amplifaya ya gitaa. Milango yake mingi ni ya kiasi hicho. Mzee wangu alihitaji kiboksi cha kutoshea mfukoni. Alipewa drili.

Naona kijana pale anatikisa kichwa. Unataka kusema za kubandika zinadondoka katikati ya wimbo. Zinadondoka zikibandikwa kwa bablishi, ndiyo! Tumia ile gundi laini ya kubandikia karatasi ukutani, kipande cha ukubwa wa punje ya harage, na ukisambaze kiwe chembamba, maana gundi nene inameza sauti. Asubuhi ya Julai kule Makete gundi hiyo inakuwa ngumu. Ikande kwanza viganjani mpaka ipate joto. Futa ubao kwa kitambaa kikavu. Spiriti usiiguse kabisa, inayeyusha vanishi za zamani. Ibada ikiisha, bandua.

Halafu waya. Kinachoangusha pikapu mara nyingi ni uzito wa waya unaoning'inia. Ufunge kwenye kishikio cha nyuzi kwanza, uache kilegevu kidogo. Au nunua ile jeki yenye kibano kinachobana ubavuni, kama kile cha kidevu kwenye fidla, chenye koki ndani, ile laini ya vizibo vya chupa, isichubue. Hiyo ndiyo jeki ya mandolini. Inafungwa, inafunguliwa, mbao haijui kama ilikuwepo.

Mahali pa kuibandika, usimwulize mtu, uliza sikio. Anzia kifuani karibu na mguu wa daraja, kile kipande cha mbao kinachoinua nyuzi, upande wa nyuzi nyembamba. Piga, sikiliza, sogeza sentimita moja, piga tena. Ukienda upande wa nyuzi nene sauti inajaa, lakini spika nayo inaanza kupiga mluzi mapema.

Zipo zinazopachikwa kwenye daraja lenyewe. Ni nzuri, ila chagua nyepesi. Daraja likibebeshwa uzito chombo kinakuwa kama kimefungwa mdomo. Na kumbukeni daraja la mandolini ya namna hii halikugundishwa, linashikiliwa na nyuzi tu. Msizilegeze zote nane kwa pamoja. Mkishalisogeza, linganisheni noti ya freti ya 12 na ile ya kugusa uzi juu yake bila kukandamiza. Zisipolingana, daraja limehama.

Pikapu za sumaku nazisema haraka kwa sababu mwenyekiti ananionyesha saa. Zinasikia chuma, hazisikii mbao. Nyuzi za A na E ni chuma kitupu, zinapiga kelele. G na D zimevikwa shaba, zinanong'ona. Kwenye bendi yenye ngoma kubwa zinasaidia, hazipigi mluzi upesi. Kwenye kwaya sizitaki.

Jenereta na mvumo wake, tutaongea siku nyingine. Ligombo, ala ya nyuzi ya Wahehe, nalo niliahidi, na kisahani hikihiki kinakaa vizuri kwenye kibuyu chake, lakini muda hautoshi.

Mandolini ya mzee ninayo hapa mezani. Ufa nimeuziba, tundu nimelijaza mti badala ya gunzi, na pikapu imekaa kwa gundi ya punje ya harage. Kijana wa mitambo, shusha kabisa chaneli ya tatu. Naichomeka kwanza moja kwa moja, mlisikie kopo. Kisha naipitisha kwenye priampu. Mwalimu, njoo uipige wewe mwenyewe.