Mjukuu Atachungia Wapi?

Waheshimiwa madiwani, wenyeviti wa vijiji, wazee wetu, ndugu zangu wote mliofika,

Nimeombwa nizungumzie uongozi na vizazi vijavyo. Sitakwenda mbali. Tuanzie hapa hapa Shinyanga, kwenye ngitili.

Wazee mnaijua kuliko mimi, lakini vijana wapo, kwa hiyo nitaieleza. Mvua zikianza, mfugaji wa Kisukuma hutenga sehemu ya malisho na kuifunga. Ng'ombe hawaingii. Majani yanakua, miti inachipua. Kiangazi kikishakolea, kwingine kumebaki vumbi, ndipo inafunguliwa, kipande kwa kipande.

Kisha ikaharibika. Wakati wa ukoloni misitu ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o. Mashamba ya pamba yakapanuka. Miaka ya 1970 watu wakahamishiwa vijijini, wakaziacha ngitili zao nyuma, na ngitili iliyo mbali na macho hailindwi. Nisikilizeni vizuri hapa: kila uamuzi ulikuwa na sababu yake siku ulipofanywa. Mbung'o waliua mifugo kweli. Pamba ilileta fedha kweli. Swali lililokosa nafasi ni moja tu: mjukuu atachungia wapi?

Mwalimu Nyerere akafikia kuuita mkoa huu jangwa la Tanzania. Mwaka 1985 akang'atuka. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza 1986, Mzee Mwinyi akiwa Rais, ukaendelea katika awamu ya Mkapa hadi 2004. Miaka 18! Nani kati yetu anayegombea udiwani huahidi jambo la miaka 18?

Mwanzoni nguvu kubwa ilikwenda kwenye vitalu vya miche. Kilichoirudisha ardhi hasa ni ngitili. Visiki na mizizi vilikuwa bado hai ardhini, vikisubiri tu kuachwa. Na kuacha ndiyo kazi ngumu. Siku ya kupanda miti kuna wageni, kuna ngoma, kuna picha. Siku ya kuzuia ng'ombe kuna ugomvi. Mwenyekiti anasimama mbele ya jirani yake, mifugo imekonda, majani yanaonekana pale ng'ambo, naye anasema: bado. Anajua kura ya jirani huyo huenda ameipoteza. Mimi namheshimu kiongozi huyo kuliko yeyote aliyewahi kukata utepe. Na hakuwa peke yake: sungusungu walilinda, dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, ikatoza faini.

Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa takriban hekta 600. Mradi ulipofungwa, zilikadiriwa kuwa kati ya hekta 300,000 na 500,000, katika vijiji zaidi ya 800. Kuni zikapatikana karibu na nyumbani, na nyasi za kuezekea, na dawa, na asali. Mama zetu wanajua maana ya kuni kuwa karibu.

Sasa kinachoninyima usingizi. Baba akifariki, ngitili ya familia inagawanywa. Kila mtoto anabaki na kipande kisichotosha kulisha ng'ombe, na mnunuzi wa mkaa yuko mlangoni na fedha taslimu. Simlaumu kijana huyo. Ana ada za shule za kulipa.

Ombi langu kwenu si la fedha. Kikao kijacho cha baraza, wekeni ngitili kwenye ajenda. Mipaka ipimwe, iingie katika mpango wa matumizi ya ardhi wa kila kijiji, na sheria ndogo ipitishwe, ili mwenyekiti atakayekuja baada yenu aikute imefungwa na asiweze kuifungua peke yake.