Kilima Kinachopakiwa Melini

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu, ndugu zangu wanafunzi, nawasalimu.

Tazameni chupa hii. Nimeijaza udongo mwekundu wenye unyevu; ukiushika unafinyangika, haumwagiki. Sasa naigonga mezani, taratibu. Waliokaa mbele wanaona: maji yamepanda juu, udongo umekuwa uji. Hivyo ndivyo shehena ya nikeli mbichi, yaani udongo wenye chuma kiitwacho nikeli ambacho bado hakijatengwa, inavyofanya tumboni mwa meli ikitikiswa na mawimbi. Mwishoni mwa 2010, meli tatu zilizoibeba kutoka Indonesia zilizama ndani ya siku 40, na mabaharia 44 wakapotea.

Nimeanza na chupa kwa sababu nikitaja nikeli ya kisiwa cha Santa Isabel, kule Visiwa vya Solomon katika Pasifiki, wengi hufikiria mashimo marefu. La hasha. Nikeli hiyo ni ya lateraiti, udongo mwekundu wa mwamba uliooza; imo ndani ya udongo wenyewe. Mwamba uliosukumwa juu kutoka chini ya bahari umenyeshewa mvua za tropiki kwa muda mrefu mno. Maji yakaondoa magnesi, chuma kikabaki juu, na sehemu ya nikeli ikashuka kidogo, ikatulia pale mwamba unapoanza kuoza. Kuichimba ni kukichuna kilima ngozi.

Tena humo nikeli aghalabu ni asilimia 1 hadi 2 tu. Pigeni hesabu: katika tani 100 za udongo mkavu, tani 98 au zaidi si nikeli. Kiwanda cha kuitenga kwa tindikali na shinikizo kubwa hugharimu mabilioni ya dola, basi njia nyepesi ni kupakia udongo mzima. Njia hiyo naipinga waziwazi: kilima kinaondoka, na kisiwani linabaki tope linaloteremkia matumbawe.

Musongati, Burundi, kuna lateraiti kama hiyo, inayojulikana tangu miaka ya 1970. Huko bahari iko mbali. Kusafirisha udongo ni hasara tupu.

Turudi Isabel: huko ardhi hurithiwa upande wa mama. Kesi ya Kolosori, eneo la kisiwa hicho lenye nikeli, ilipofika Mahakama ya Rufaa mwaka 2016, swali mojawapo zito lilikuwa hilo: wenye ardhi ni akina nani hasa? Mkisoma ramani zinazoandika "akiba isiyoendelezwa", kumbukeni kwamba juu ya akiba hiyo kuna bustani za viazi na akina mama wanaozilima.

Chupa naiacha hapa mezani. Anayetaka aje aigonge mwenyewe.