Kilichobaki Kitabuni: Riwaya ya Vuta N'kuvute na Filamu Yake

Ndugu wasikilizaji, sikuja hapa kuisuta filamu. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyooneshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021, ni kazi nzuri, na muziki unaosikika humo ni kitu ambacho Shafi Adam Shafi, katika riwaya iliyochapishwa mwaka 1999, aliweza kukieleza kwa maneno tu. Ninalotaka kulitazama ni kile kinachokataa kuhama kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye skrini, hata mwongozaji awe hodari namna gani.

Nacho, kwa maoni yangu, ni sauti ya msimulizi. Mtengenezaji wa filamu huchukua matendo ya wahusika na mazungumzo yao; yale maneno ya katikati, ambayo si ya Yasmin, binti aliyeozwa mzee, wala ya Denge, mpigania uhuru anayependana naye, wala ya Mwajuma, rafiki yake Yasmin, hana pa kuyaweka. Katika riwaya hii maneno hayo ni Kiswahili cha Unguja chenye huruma, kejeli na, tuseme kweli, umbeya kidogo, na ndiyo yanayotuelekeza tumtazame kwa jicho gani Inspekta Wright, ofisa wa polisi wa kikoloni, na askari wake. Kamera hutuonesha sare. Msimulizi hutuonesha sare na anayejificha ndani yake.

Chukueni ndoa ya Yasmin. Riwaya inatuambia kwamba ana miaka 15, na Bwana Raza, mumewe, ana miaka 52. Tarakimu hizo zikishasomwa hazimtoki msomaji: kila Raza anapomsogelea mkewe, hesabu hiyo inasogea pamoja naye. Kwenye filamu umri hauna budi kuvaa sura ya mwigizaji, na kwa sababu ambazo sote tunaziheshimu, mwigizaji wa nafasi kama hiyo huwa mtu mzima. Jicho likishamzoea, utoto wa Yasmin hufifia bila ya mtu yeyote kukusudia.

Muda nao una lake. Filamu ya takriban saa moja na nusu imelazimika kuyashika mapenzi ya Yasmin na Denge pamoja na harakati dhidi ya Waingereza, ilhali riwaya inaweza kukaa kitako na upweke wa binti huyo nyumbani kwa Raza.

Naomba sasa mwenye nakala afungue sura ya kwanza, atusomee kwa sauti, polepole, bila kuruka yale yasiyo mazungumzo.