Jina la Kipande, Si la Mti

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Nianze na jambo linalowaudhi wanafunzi wa mimea ya kale: mti mmoja kuwa na majina manne. Kwenye miamba yenye makaa ya mawe ya kipindi cha Karboniferi, yapata miaka milioni 300 iliyopita, tunakuta magogo yenye makovu ya majani yaliyopangwa mithili ya magamba ya samaki. Hayo ni Lepidodendron. Mizizi yake ni Stigmaria, koni zake Lepidostrobus, spora zake, yaani chembe za uzazi, ni Lycospora. Mwanafunzi huuliza: ikiwa mti ni uleule, kwa nini yote haya?

Kwa sababu Sigillaria nayo, mti mwingine kabisa, ilikuwa na mizizi ya aina ya Stigmaria. Ukiokota mzizi peke yake huwezi kuapa kwamba ulibeba shina lipi. Mti hupukutisha majani, hutawanya spora, huanguka na kuoza, na maji huvisomba vipande kila kimoja upande wake. Jina hubeba kile ulichokishika mkononi, basi. Wapo wanaouona huu kuwa uzembe. Mimi nauona uaminifu.

Sheria za kimataifa za kuipa mimea majina sitakaa nazo sana. Majina ya visukuku vya mimea huhesabiwa kuanzia tarehe 31 Desemba 1820, na tangu 1912 jina jipya lazima liambatane na mchoro au picha. Mkutano wa kimataifa wa wanabotania wa Melbourne wa 2011 uliondoa makundi maalumu ya majina ya vipande, hivyo kipande na mmea mzima sasa vinafuata utaratibu mmoja.

Lakini vipande huweza kukutanishwa. Majani ya Archaeopteris yalihesabiwa kuwa ya kangaga. Mbao za Callixylon, za kipindi hichohicho cha Devoni kilichotangulia Karboniferi, zilifanana na za misonobari, zikawekwa huko. Mwaka 1960 Charles Beck, mtaalamu wa mimea ya kale, alionyesha kisukuku ambacho majani ya Archaeopteris yameshikana na mbao ya Callixylon. Kumbe mti huo ulizaana kwa spora huku shina lake likiwa na mbao za misonobari! Haukuwa kangaga wala msonobari, na ilibidi kundi jipya liundwe kwa ajili yake. Angalieni: waliotangulia hawakukosea kuelezea vipande. Walikosea pale walipokimbilia kuvipa ukoo.

Sasa Prototaxites, kisukuku ambacho ukoo wake bado unabishaniwa. Magogo yake hufikia mita 8, katika zama ambazo mimea mingi ya nchi kavu ilikuwa mifupi. Mwanajiolojia Dawson alilitoa jina hilo mwaka 1859 akidhani ni msonobari uliooza. Mwaka 1872 mwanabotania Carruthers akasema ni mwani. Mwaka 2001 Hueber, mtaalamu wa mimea ya kale, akatetea kwamba ni kuvu, na mjadala haujaisha. Jina limevumilia yote hayo, kwa kuwa kanuni zilezile zinatawala mwani, kuvu na mimea, na haziruhusu jina litupwe eti maana yake haifai. Linadai undugu na Taxus, mti wa jamii ya misonobari, undugu usiokuwepo. Sawa. Kwenye lebo ya sampuli acheni jina hilohilo, taja mwamba na umri wake, na penye familia andikeni incertae sedis, yaani nafasi yake haijulikani. Atakayedai nafasi hiyo ijazwe, mwombeni kwanza aonyeshe kipande kilichoshikana na kingine.