Kabla Sampuli Haijapanda Ndege: Utafiti wa Pamoja Gorongosa Baada ya Vita

Mwenyekiti wa kikao, wahadhiri wenzangu, wanafunzi, mabibi na mabwana, habari za mchana.

Mada niliyopewa ni ushirikiano wa kitaaluma wa kimataifa katika utafiti wa mazingira kwenye nchi iliyotoka vitani. Ikiachwa wazi namna hiyo tutakaa hapa saa nzima tukiusifu ushirikiano, basi naifunga mahali pamoja: Hifadhi ya Taifa ya Gorongosa, mkoani Sofala, Msumbiji ya kati. Ni eneo la karibu kilometa za mraba 4,000 kwenye ncha ya kusini ya Bonde la Ufa, lile lile linalopita kwetu. Nitakayosema yanazunguka jambo moja. Mtafiti akishafika porini, mengi yameshaamuliwa: nani atabaki na sampuli, nani atabaki na data, na nani atabaki na ujuzi.

Vita vya Msumbiji vilianza 1977 vikaisha kwa makubaliano yaliyotiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992. Gorongosa haikuwa pembeni ya vita. Makao makuu ya waasi wa RENAMO, Casa Banana, yalikuwa jirani kabisa na hifadhi. Kambi kuu ya watalii, Chitengo, ilishambuliwa na kuachwa magofu. Wanyama waliliwa na majeshi, pembe zikauzwa, na hata baada ya amani uwindaji uliendelea kwa sababu watu walikuwa na njaa na bunduki zilikuwa bado zimezagaa. Spishi tisa za wanyama wakubwa walao majani, zile zinazofuatiliwa zaidi, zilipungua kwa zaidi ya asilimia 90.

Mgeni akifika leo swali lake la kwanza ni: wamerudi wangapi? Huwezi kumjibu usipojua walikuwa wangapi. Bahati ya Gorongosa ni kwamba mwanaikolojia Kenneth Tinley alifanya kazi pale kabla ya vita. Sensa za wanyama kutoka angani zilifanyika kati ya 1968 na 1972, na tasnifu yake ya udaktari iliwasilishwa Chuo Kikuu cha Pretoria mwaka 1977, mwaka ule ule vita vilipoanza. Angalieni karatasi zilikolala: Afrika Kusini. Zingekuwa Chitengo peke yake, leo tusingekuwa na cha kulinganishia. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya chuo cha nje katika nchi ya namna hii ipo kwenye makabati yake yenyewe: ramani, picha za angani, filamu, madaftari ya wakoloni na ya watafiti wa zamani. Yachanganue yote kwa skana, yakabidhi, kisha ndipo uombe kibali cha kwenda kukusanya vipya.

Na ramani hizo zina mtego wake. Ramani za Kireno za Msumbiji zilichorwa kwa datumu ya Tete, yaani msingi wa zamani wa kupimia mahali, ilhali GPS yako inasoma msingi mwingine, WGS84. Ukinakili namba za kituo cha zamani moja kwa moja, utasimama zaidi ya mita mia kutoka mahali penyewe. Porini mita mia zinatosha kukutoa kwenye mbuga ya udongo mweusi na kukuweka kwenye kichuguu chenye miti, halafu utaandika kwamba uoto umebadilika. Badili datumu kwanza, kisha hakikisha kwa kitu kisichohama: jabali, maungano ya mito, msingi wa jengo.

Sensa ya sasa hufanywa kwa helikopta mwishoni mwa kiangazi, miti ikiwa imepukutisha majani. Chombo huruka mistari sambamba, kila mstari ukifunika ukanda wa mita 500, yaani mita 250 kila upande. Milango huondolewa. Kimo ni mita 50 hivi, mwendo karibu kilometa 96 kwa saa. Ndani mna rubani, mwandishi na watazamaji wawili, mmoja kila upande. Yanayoharibika yanajulikana. Kundi likikimbilia ukanda unaofuata huhesabiwa mara mbili, ndiyo maana mwandishi huandika na upande lilikoelekea. Kundi kubwa lisihesabiwe kwa macho. Lipigwe picha, lihesabiwe mezani jioni. Macho huchoka, na mtazamaji aliyechoka haoni taya wala ngiri, anaona tembo tu. La mwisho ndilo linaloumiza tafiti za ushirikiano: timu mpya inakuja na mbinu mpya, pengine bora kweli, inaacha mbinu ya zamani, na mfululizo wa miaka unakatika. Kama mna mbinu bora, rukeni kwa zote mbili msimu mmoja ili mpate kigezo cha kuzioanisha.

Matokeo yanafundisha. Kufikia 2018 uzito wa jumla wa wanyama walao majani ulikuwa umekaribia asilimia 95 ya ule wa kabla ya vita. Hapo mtu wa takwimu angefunga daftari. Ila zamani tembo, kiboko, nyati, punda milia na nyumbu walibeba asilimia 89 ya uzito huo; mwaka 2018 walibeba asilimia 23. Nafasi yao imejazwa na kuro, waliozidi 55,000. Hifadhi imejaa tena, lakini wenyeji wake ni wengine. Mwenye jumla peke yake angeandika ripoti ya ushindi. Aliyeweza kusema mambo hayajarudi kama yalivyokuwa ni yule mwenye daftari la Tinley la spishi moja moja.

Niingie kwenye tembo, maana hapo mambo ya jeni, vibali na haki yanakutana.

Kabla ya vita tembo walikuwa zaidi ya 2,500. Mwaka 2000 walihesabiwa wapatao 240. Kwa muda mrefu ilionekana kwamba majike wengi wa Gorongosa hawana pembe. Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioongozwa na Shane Campbell-Staton, ukiwa na Joyce Poole, anayejulikana sana Kenya kwa kazi yake ya Amboseli, na Dominique Gonçalves, mtafiti wa Msumbiji wa mradi wa tembo wa Gorongosa. Majike wasio na pembe walipanda kutoka asilimia 18.5 hadi 50.9. Ile namba ya kwanza ilitoka wapi, wakati kabla ya vita hakuna aliyefanya sensa ya pembe? Ilitoka kwenye filamu za zamani. Walihesabu majike waliopita mbele ya kamera.

Kisha wakachukua damu na kusoma jenomu za majike 18, wenye pembe 7 na wasio nazo 11. Ishara zilielekeza kwenye kromosomu X, karibu na jeni AMELX ambayo hata kwa binadamu inahusika na meno. Jike akirithi nakala moja ya jeni iliyobadilika anakosa pembe. Mimba ya dume yenye nakala hiyo haielekei kufika. Ndiyo maana madume wasio na pembe hawaonekani, na jike asiye na pembe hutazamiwa kuzaa majike wawili kwa kila dume mmoja. Wawindaji walichagua wenye pembe, na vizazi vimebadilika.

Sasa fikirieni damu ile inavyosafiri. Tembo wa Msumbiji wako kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya spishi zilizo hatarini, kwa hiyo kibali kimoja hakitoshi. Nchi inayopokea inatoa kibali cha kuingiza, na nchi inayotoa haitoi cha kwake mpaka ikione hicho. Ongezeni cheti cha daktari wa mifugo, kibali cha utafiti, na hati ya kuhamisha sampuli inayosema zitatumika kwa lipi na mabaki yatafanywaje. Vibali vina tarehe za mwisho, na mara nyingi cha kwanza hufa wakati mnasubiri cha tatu. Pangeni miezi, msipange wiki, na idadi ya mirija iwe ile ile kwenye kila karatasi. Mirija 60 kwenye kibali na 61 kwenye sanduku inatosha kuzuia mzigo wote.

Kuna Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa 2010 na kuanza kutumika 2014, inayodai ridhaa ya nchi kabla rasilimali zake za kijenetiki hazijachukuliwa, na masharti yaliyokubaliwa na pande zote. Wengi hudhani hiyo imemaliza kazi. Marekani haijawahi kuridhia Mkataba wa Bioanuwai wenyewe, sembuse itifaki yake. Kwa chuo cha Marekani, kinachokibana kwa hakika ni mkataba mliotia saini pamoja. Kwa hiyo andikeni humo, kwa Kireno na Kiingereza, nakala zote zikiwa na nguvu sawa: nusu ya kila sampuli inabaki nchini, data ghafi inakabidhiwa ndani ya muda uliotajwa kwa miezi, sampuli haitumiki kwa jambo jingine bila barua mpya, na ni nani atakuwa mwandishi wa kwanza wa makala ipi. Maneno kama "tutashirikiana katika uchapishaji" hayambani mtu.

Kwa wanaofanya kazi ya kusoma kinyesi cha wanyama, na ndiyo kazi yenye faida kubwa kwa gharama ndogo, niseme kwa undani. Wakati wa vita, wanyama walipokwisha, mmea wa miiba Mimosa pigra ulitapakaa kwenye tambarare ya Ziwa Urema. Wanyama waliporudi ulirudi nyuma. Kuthibitisha kwamba ni wao walioula, watafiti walizungushia uzio vipande vya ardhi wanyama wasiingie, na wakasoma DNA ya mimea ndani ya kinyesi. Mbinu hii inataka kinyesi kibichi, na kichukuliwe cha juu, kisichogusa ardhi, la sivyo utasoma majani ya chini ukidhani ni chakula. Kama utatumia ethanoli, iwe ya asilimia 95, walau mara tano ya ujazo wa sampuli, na ibadilishwe baada ya siku moja kwa sababu maji ya sampuli yanaizimua. Andika lebo kwa penseli kwenye karatasi isiyolowa, uitumbukize ndani ya mrija. Wino wa kalamu ya alama huyeyuka ethanoli ikivuja, na utabaki na mirija mizuri isiyo na majina. Ndegeni, mrija usizidi mililita 30 na sanduku lisizidi lita moja ya kimiminika. Sampuli za wanyama wa jamii ya nyati na swala hutiliwa shaka ya ugonjwa wa miguu na midomo. Huko Laikipia zimekuwa zikipashwa moto wa nyuzi 72 kwa dakika 30 kabla ya kutoka shambani.

Lakini DNA hiyo haisemi kitu bila maktaba ya kulinganishia: kila mmea wa eneo ukusanywe, ukaushwe, utambuliwe, usomwe. Hapo anayehitajika ni mtu wa pale anayeujua mmea kwa jina la Kisena au Kigorongosa na anajua unaota wapi msimu gani. Mtu huyo huandikwa kwenye bajeti kama kibarua wa kutwa. Ni kosa la kisayansi pia, kwa sababu kibarua wa kutwa mwakani yuko kwingine, nawe unaanza upya.

Mabomu ya ardhini nitayapitia haraka. Msumbiji ilitangazwa kuwa huru na mabomu hayo Septemba 2015, miaka 23 baada ya amani. Katika miaka hiyo yote mstari anaoutembea mtafiti akikusanya data haukuchorwa kwa takwimu pekee. Ulichorwa kwanza na wategua mabomu. Kama kituo ulichokichagua kwa nasibu kimeangukia eneo lisilosafishwa, liondoe na uandike kwamba umeliondoa, maana mahali watu wasipokanyaga uoto na wanyama hutofautiana, na matokeo yako yamepinda. Pia msidhani vita huisha siku ya saini. Mapigano yalirudi katikati ya nchi kuanzia 2013, na makubaliano mengine yakatiwa saini Gorongosa Agosti 2019, mwaka ule ule kimbunga Idai kilipopiga Beira. Mkataba wa utafiti uwe na kifungu cha kusimama: nani anaamua, nani analipwa wakati kazi imesimama, na nani anawasha jenereta.

Kilichoitofautisha Gorongosa na miradi mingi ni muda. Serikali na taasisi ya Greg Carr, mfadhili Mmarekani, walitia saini usimamizi wa pamoja wa miaka 20 mwaka 2008, na 2018 ukaongezwa miaka 25. Ruzuku ya kawaida ya utafiti ni miaka mitatu. Ndani ya muda huo mrefu ilijengwa maabara ya bioanuwai yenye jina la mwanabiolojia Mmarekani E. O. Wilson, iliyofunguliwa 2014, ili wadudu na mimea ihifadhiwe pale pale. Kisha ikaja shahada ya uzamili ya biolojia ya hifadhi, inayofundishwa ndani ya hifadhi, kwa ushirika wa Chuo Kikuu cha Zambeze, Chuo Kikuu cha Lúrio, taasisi ya politekniki ya Manica na Chuo Kikuu cha Lisbon. Darasa la kwanza lilikuwa na wanafunzi 12, wote wa Msumbiji. Wapo watakaosema 12 ni wachache. Waliobaki kufanya kazi nchini wangekuwa wangapi, lau 12 hao wangepelekwa ng'ambo mmoja mmoja?

Nimalizie na friza, kwa sababu bado sijaona pendekezo la mradi linaloitaja vizuri. Friza ya nyuzi hasi 80 inakula umeme usiku na mchana, na umeme wa vijijini hupanda na kushuka. Nunueni kidhibiti umeme pamoja nayo, kengele inayopiga simu joto likipanda, na mafuta ya jenereta ya siku kumi. Sampuli ambayo haina lazima ya baridi kali iwekwe kwenye jeli ya silika, inayobadilishwa ikigeuka rangi. Halafu kwenye bajeti, chini ya mstari wa mwaka wa tatu, ongezeni mistari mingine miwili yenye jina la anayelipa umeme mwaka wa nne na wa tano. Mfadhili akikataa mistari hiyo, punguzeni sampuli mpaka zitoshe kwenye silika.

Asanteni. Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali.