Joka la Shaba: Kupaka Rangi Visanamu vya Mezani

ILUNGA: Jambo yenu wasikilizaji wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na kokote mlipo. Ni mimi Ilunga. Yaya Mujinga amefika na boksi la viatu, na ndani hakuna viatu.

MUJINGA: Jambo yenu. Kuna mashujaa, mazimwi, na joka moja ambalo bado ni la kijivu. Lishike pole pole, bawa nimeligundisha jana.

ILUNGA: Kumbe ni dogo hivi! Bon, kuna watu hawajawahi kuviona. Waeleze.

MUJINGA: Ni visanamu vya michezo ya mezani. Watu wanaizunguka meza, mmoja anasimulia mambo ya mapango na wachawi, wengine wanarusha dadu. Dungeons & Dragons, iliyofungulia michezo hiyo njia, ilitoka Marekani mwaka 1974. Warhammer ya Waingereza ikaja mwaka 1983, na hiyo ikawafanya wengi wapake jeshi zima. Mtu wa kawaida ana milimita 28 hivi, toka unyayo hadi macho. Vingi vinauzwa bila rangi. Rangi ni kazi yako.

ILUNGA: Lakini yaya, mtu mzima kukesha anapaka mkanda wa zimwi…

MUJINGA: Na weye Mazembe ikicheza unagombana na televisheni dakika tisini. Tuachane.

ILUNGA: Haya, nimenyamaza.

MUJINGA: Mimi hata kucheza sichezi sana. Kinachonishika ni mwanga. Simama barabarani saa sita: kivuli cha kofia kinakuangukia usoni, cha mkono kinaangukia suruali. Sasa chukua kitu kidogo hivi, ukiweke chini ya taa ya sebuleni. Kivuli chake ni chembamba mno, jicho halikioni. Ukilipaka koti nyekundu moja tu, utaona plastiki nyekundu, basi. Kwa hiyo mpakaji anapaka kivuli chenyewe na mwanga wenyewe. Unamdanganya mtazamaji kwamba kuna jua.

ILUNGA: Unaanzia wapi?

MUJINGA: Nyunyizia nyeusi kote. Ikikauka, nyunyizia nyeupe kutoka juu tu, yaani kopo ndilo jua lenyewe. Palipopata nyeupe ndipo penye mwanga, palipobaki peusi ndipo penye kivuli. Sasa unafuata ramani hiyo kwa rangi nyepesi. Tangu mwaka 2019 Citadel, wale wa rangi za Warhammer, wana rangi zinazoitwa Contrast: zinajikusanya kwenye mikunjo na kupungua kwenye kingo, kivuli kinajitokeza chenyewe. Wakubwa wa kazi hii wanazidharau. Mimi nazipenda kwa manyoya na nywele. Kwa chuma, hapana.

ILUNGA: Unasema nyepesi. Nyepesi kiasi gani?

MUJINGA: Kama munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, iliyochujwa vizuri. Ikiwa nzito inafunika pua, inafunika vidole, unabaki na kinyago. Paka mara mbili, mara tatu, kila tabaka likauke kwanza.

ILUNGA: Na kiangazi hiki chetu? Mwezi wa saba hewa ni kavu mpaka midomo inapasuka.

MUJINGA: Eeh, hapo watu wa Ulaya hawatatusaidia sana. Rangi za akriliki zinakauka kwenye sahani kabla hujageuka. Chukua chombo cha plastiki chenye kifuniko, weka sifongo kilicholowa, juu yake tandaza karatasi ile ya kuokea mikate, kisha tone la rangi. Maji yanapanda taratibu, rangi inabaki mbichi. Na ukimaliza unafunika, vumbi jekundu halingii.

ILUNGA: Brashi je? Naona kila anayeanza anatafuta ile nyembamba kuliko zote.

MUJINGA: Na hilo linawatesa bure. Brashi nyembamba sana inabeba rangi kidogo, inakauka kabla ya kufika kwenye jicho la zimwi. Namba 1 yenye ncha nzuri inafanya karibu kila kitu. Zile za manyoya ya kolinsky ni tamu, lakini bei yake… nunua baadaye. Na usilambe brashi! Wapakaji wengi wanainyoosha ncha kwa ulimi. Baadhi ya rangi zina madini yasiyofaa kuingia mwilini, na visanamu vya zamani vya chuma vilichanganywa na madini ya risasi. Sisi wa Katanga tena ndio wa kula madini?

ILUNGA: Tunayo tayari ya kutosha. Haya, joka. Nilidhani litakuwa jekundu, linatoa moto.

MUJINGA: Kila mtu ana joka jekundu. Hili nataka liwe la shaba, shaba iliyokaa mvuani miaka. Nani anaijua hiyo kuliko mtu wa Lubumbashi? Mji huu umejengwa juu ya shaba tangu 1910. Wazee wetu waliiyeyusha wakatengeneza misalaba midogo ya biashara kabla kampuni yoyote haijafika. Tazama tu paa la zamani, au kengele. Shaba haibadiliki sawa kote. Maji yanapokaa, kwenye pembe, chini ya misumari, ndipo panapokuwa pa kijani na buluu. Panapoguswa na mikono panang'aa.

ILUNGA: Kwa hiyo kwenye joka…

MUJINGA: Kwanza kahawia iliyokolea. Halafu rangi ya shaba, lakini kwa brashi kavu: unaifuta kwenye kitambaa mpaka ibaki kidogo sana, unapitisha juu ya magamba, inashika vilele peke yake. Kisha kijani-buluu iliyojaa maji, unaidondosha katikati ya magamba na kuiacha itiririke chini, kama mvua ingetiririka. Mwisho unarudisha mng'ao kwenye makucha na kwenye kifua, mahali linapojikwaruza. Watu wanakosea hapa, wanapaka kijani kila mahali. Kutu ina njia yake.

ILUNGA: Mimi nina wazo. Malakiti tunayo, si tuisage tupate kijani cha kweli?

MUJINGA: Hapana, hapana! Zamani wachoraji waliisaga, ni kweli. Lakini ile ni kaboneti ya shaba, vumbi lake ni sumu kwa mapafu. Hata mchanga wa lile lundo jeusi la taka za kiwanda cha shaba usiuokote kupamba kitako cha kisanamu. Tumia mchanga wa mto uliooshwa.

ILUNGA: Nimesikia, mama wa usalama. Na joho la huyu mchawi? Ina mistari-mistari.

MUJINGA: Hiyo nimeiiba kwa Mwenze Kibwanga.

ILUNGA: Yule mchoraji wa Hangar?

MUJINGA: Ndiye. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha karakana hiyo ya wachoraji hapa, mji ukiitwa bado Élisabethville. Wakatoka akina Bela Sara, Pilipili Mulongoy, Mwenze. Mwenze alijenga umbo lote kwa mistari mifupi iliyolala sambamba. Kwenye kisanamu mistari hiyo inakuwa nyuzi: joho linaonekana limefumwa. Wapakaji wa nje wanahangaika kulainisha rangi hadi mpaka kati ya rangi na rangi usionekane. Mimi mpaka huo nauacha uonekane.

ILUNGA: Msikilizaji wa Kamalondo anauliza: asiye na mtu wa kumletea visanamu kutoka nje afanye nini?

MUJINGA: Aende sokoni, anunue wanyama wa plastiki wa watoto. Awaoshe kwa sabuni, maana wana mafuta na rangi haitashika, awanyunyizie nyeusi na nyeupe kama nilivyosema. Simba wa sokoni anafundisha mwanga sawasawa na joka.

ILUNGA: Aksanti yaya. Wiki ijayo ni vanishi, kwa sababu watoto wameanza kuvishika.

MUJINGA: Wa kwako, si wangu. Wangu wanajua.